Kujua Tulijua

17 Machi 2020, Jumanne

Jana Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini: mwanamke wa miaka 46, Mtanzania, aliyetua Kilimanjaro akitokea Ubelgiji, na yuko Arusha. Asubuhi ya leo, kwenye makabidhiano ya zamu, hakuna aliyezungumza jambo jingine.

Nimewasikiliza wenzangu kwa makini. Kijana wa maabara ameeleza kirusi kinavyoingia kwa pua, mdomo na macho. Daktari amekumbusha dalili: homa, kikohozi kikavu, kubanwa na pumzi. Hata mhudumu wa wodi, mama ambaye shule aliiacha kidato cha pili, alitaja siku 14 za karantini bila kusita. Sisi wa Kagera mambo haya si mageni. Ebola ilipokuwa inaua watu Kongo tuliitwa semina, tukafundishwa kuvaa na kuvua mavazi ya kinga hatua kwa hatua, na pale Mutukula abiria wakawa wanapimwa joto mpakani.

Kikao kilipokwisha nikaenda kufungua stoo. Barakoa za upasuaji, maboksi mawili na jingine lililobaki nusu. Barakoa za N95 hakuna. Miwani ya kinga ipo moja, imejaa mikwaruzo kiasi kwamba ukiivaa humwoni mgonjwa sawasawa. Glavu zinaweza kutufikisha mwisho wa mwezi ikiwa wajawazito hawataongezeka, na Machi wanaongezeka kila mwaka.

Naandika haya leo ili kumbukumbu isije ikanidanganya baadaye. Siku ya kwanza kituo chetu hakikupungukiwa elimu.

2 Aprili 2020, Alhamisi

Juzi kimetangazwa kifo cha kwanza cha korona, mwanamume wa miaka 49, hospitali ya Mloganzila. Leo nimeshinda na wahudumu wa usafi kwenye ndoo. Jik ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, inakupa dawa ya asilimia 0.5 ya kufutia vitanda, meza na vitasa. Ipake, iache dakika 10, ndipo ufute. Ya mikono inatakiwa iwe hafifu mara kumi zaidi, na palipo na sabuni na maji tiririka usihangaike nayo kabisa.

Walielewa mara moja. Yule mama aliyetaja siku 14 za karantini akaniuliza, "Sista, zile glavu nzito za mpira, ndefu, tutaletewa lini?" Tangu mwaka jana wanafanyia usafi kwa glavu za kupimia wagonjwa, ambazo hupasuka ukikamua tambara. Nilimwambia nitaandika ombi. Nimeandika, na ni ombi lile lile nililoandika mwaka jana, nimebadilisha tarehe.

Barakoa ni moja kwa mtu kwa zamu. Kufika saa sita mchana imelowa. Mwenzangu wa chumba cha kujifungulia huishusha kidevuni kila mama anapofika wakati wa kusukuma, kwa sababu akiongea nayo mama hamsikii, na mama asiposikia anasukuma vibaya. Ukimkuta pale na fomu ya ukaguzi utamwandika kuwa hafuati miongozo. Mimi nimemkuta mara nyingi na sijui ningemwambia afanye nini.

Aliyetusaidia kuliko mabango yote ni muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu. Amekaa na wagonjwa wa kukohoa zaidi ya nusu ya maisha yake. Asubuhi alipita chumba hadi chumba akifungua madirisha, lile lililokwama akalipiga kwa kisigino cha mkono hadi likafunguka, kisha akageuza meza zetu ili upepo utoke mgongoni mwetu kuelekea kwa mgonjwa na kutokea dirishani. Mtu mmoja akamwambia kuwa korona inaenezwa na matone tu, haipeperuki. Akajibu, "Dirisha halina gharama, mwanangu. Fungua."

19 Aprili 2020, Jumapili

Nesi wetu mdogo kabisa ametolewa kwenye chumba alichopanga. Mwenye nyumba hakumtukana. Alimwita "binti yangu", akamrudishia kodi ya mwezi uliobaki, akamwambia kuna watoto ndani. Sasa analala kwenye chumba cha mapumziko cha wauguzi. Bodaboda wa kijiweni nao wakimwona mtu amevaa sare nyeupe wanageukia upande mwingine, kwa hiyo tunatoka nyumbani na nguo za kawaida na sare tunaibeba kwenye mfuko.

Amelia usiku mzima na asubuhi ameingia zamu.

4 Mei 2020, Jumatatu

Jana Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa kwa siri maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu, na nyingine zikarudi na majibu ya kuwa na korona. Leo mkuu wa maabara hiyo amesimamishwa.

Kijana wetu wa maabara hakula mchana. Nilikaa naye nje, kwenye benchi la wanaosubiri majibu. Alinieleza polepole, kama anayejielezea mwenyewe, kwamba kipimo chochote kinaweza kukosea: sampuli ikichafuliwa na iliyo jirani, chombo kisiposafishwa, lebo zikichanganywa. Ndiyo maana kuna sampuli za kuhakiki zinazoingizwa mashineni pamoja na za wagonjwa, na ndiyo maana jibu la shaka hurudiwa, ikibidi kwenye maabara nyingine. "Ukitilia shaka majibu, dada, unapima tena," alisema. Nakubaliana naye kabisa. Mashine ikishukiwa dawa yake ni kupima zaidi.

Wodini hali imegeuka kwa siku moja. Mgonjwa mwenye kikohozi aliyekuwa amekubali kukaa chumba cha pembeni amerudi wodi kuu, ndugu zake wamembebea godoro. Hakuna aliyemzuia. Nami nilikuwepo.

10 Julai 2020, Ijumaa

Takwimu zilisimama mwezi Mei kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na tangu hapo hatupati namba. Shule zimefunguliwa tena. Nataka niandike jinsi tahadhari zilivyotutoka, maana hazikutoka kwa pamoja. Kwanza alitoweka kijana wa getini aliyekuwa anapima joto. Kisha sabuni, ndoo ikabaki na maji tu. Kisha maji. Ndoo yenyewe ipo bado, koki imekatika. Barakoa ndiyo ya mwisho, na haikuachwa kwa agizo la mtu: daktari mmoja aliingia bila kuvaa, kesho yake wawili, na baada ya wiki aliyevaa ndiye aliyekuwa anaulizwa kama anaumwa.

Katika muda wote huo hakuna hata mmoja aliyesahau kitu. Ukiwauliza usiku wa manane watakutajia njia za maambukizi zote.

Muuguzi wa kifua kikuu ameniletea habari aliyoisoma kwenye simu ya mwanawe: wanasayansi 239 wameliandikia Shirika la Afya Duniani kuwa kirusi hiki huenea pia kwa hewa, hasa vyumba vilivyofungwa. Hakutamba. Alisema tu kwamba lile dirisha lililokwama limekwama tena.

Jioni nilikwenda kumsalimia mama aliyenifundisha kazi, amestaafu siku nyingi, yuko kwenye migomba yake. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikamshika mikono kabla sijakumbuka kwamba hatushikani mikono, na yeye hakuiachia. Nilimuuliza miaka ya mwanzo ya UKIMWI ilikuwaje hospitalini. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983, na watu walikuwa wanauita ugonjwa Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kinaingia kwa biashara ya Uganda.

Alinyamaza muda, kisu kikiendelea na kazi yake. "Tulikuwa waoga, mwanangu," akasema. "Kuna waliokuwa wanasukuma sahani ya mgonjwa kwa mguu. Si watu wabaya. Wengine unawafahamu." Glavu wakati ule zilifuliwa, zikachemshwa, zikaanikwa kwenye kamba na kupakwa poda, na zilikuwa zinakwisha wodini kabla ya katikati ya wiki. Walifundishwa kwamba ugonjwa hauenezwi kwa sahani wala kwa kugusana, wakaandika kwenye madaftari, na bado wakasukuma sahani.

"Sasa mlibadilikaje?"

"Glavu zilianza kuja kila mwezi bila kukatika. Mtu akijua za kesho zipo, leo anamgusa mgonjwa vizuri."

Nimelifikiria jibu hilo njia nzima ya kurudi. Kwenye semina tunaambiwa mtu abadilishwe mtazamo kwanza, kisha mwenendo ufuate. Yeye aliona kinyume chake kwa macho: vifaa vilikuja, mikono ikatulia, na huruma ambayo watu walidhani imekufa ikarudi yenyewe.

11 Februari 2021, Alhamisi

Siku ngumu kuliko zote tangu nianze kazi.

Konsentreta yetu ya oksijeni ni moja, inatoa lita tano kwa dakika. Wagonjwa waliohitaji oksijeni leo walikuwa wanne. Mtungi uliokuwepo uliisha alfajiri, na wa kujazwa unavuka ziwa kwenda Mwanza. Kipima oksijeni, kile kidude cha kubana kidoleni, kiliniandikia 71 kwa mzee mmoja aliyekuwa anazungumza nami huku ameketi, ananiuliza kama mvua imenyesha kwao. Mtu mzima mwenye afya anakuwa na asilimia 95 na kuendelea. Hiyo ndiyo sura ya ugonjwa huu inayonitisha kuliko zote, mgonjwa asiyeonekana kuzidiwa hadi saa ambayo huna tena la kufanya.

Wawili tuliwageuza kifudifudi, mto chini ya kifua, mwingine chini ya nyonga. Mmoja alipanda kutoka 82 hadi 89 bila dawa yoyote. Deksamethasone tunayo, ni dawa ya zamani na ya bei rahisi, na tangu Juni mwaka jana utafiti wa Uingereza umeonyesha inapunguza vifo kwa mgonjwa anayehitaji oksijeni: miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10. Kwa hiyo dawa sahihi ilikuwepo kabatini, na waliojua kuitumia walikuwepo. Pumzi ndiyo iliyokosekana.

Wengi wanafika wakiwa wamechelewa. Wamejifukiza kwanza siku tano, sita, mkaratusi, mchaichai, majani ya mlimao. Sina ugomvi na nyungu. Mama yangu alitufukiza kila tulipobanwa na mafua, na pua ikazibuka. Lakini mvuke haukifikii kirusi kilicho ndani ya mapafu, na leo nimefunga bandeji kwenye paja la msichana aliyemwagikiwa na sufuria akiwa chini ya blanketi. Baba yake amekaa karibu naye, hasemi. Alitaka kumponya. Ningekuwa mimi, na sina namba, sina tangazo, sina mtu wa kuniambia ukweli, ningechemsha sufuria hiyo hiyo.

Kwenye rejista tunaandika nimonia. Si uongo, ni nimonia kweli. Ila anayekuja kuisoma rejista hii miaka ishirini ijayo hatatukuta humo.

Mzee wa 71 alifariki saa kumi jioni. Mwanawe aliomba kumwosha. Nilimpa glavu na barakoa yangu ya zamu, nikabaki na ya kitenge.

14 Februari 2021, Jumapili

Mama wa usafi anaumwa, yuko kwake na anapumua kwa shida. Alikuwa anafua kwa mikono mashuka ya wodi ya wagonjwa wale wa oksijeni. Madaktari walipata N95 chache wiki iliyopita, manesi tukapata za upasuaji, yeye hakuandikwa kwenye orodha kwa sababu orodha ilikuwa ya watoa huduma. Nani alimpa huduma mzee wa 71 kuliko yule aliyekuwa anambadilishia shuka? Nimekasirika leo, na sitaki hasira hii ipoe mapema.

18 Februari 2021, Alhamisi

Jana amefariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akiwa hospitali ya Muhimbili. Chama chake kilishatangaza mapema kwamba ana korona. Siku hiyo hiyo akafariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi, Dodoma. Wodini redio iliwashwa sauti ya chini. Dada wa dawa alifungua droo, akatoa barakoa, akavaa bila kusema kitu. Nikavaa na mimi.

22 Februari 2021, Jumatatu

Jana, kanisani Dar es Salaam, Rais Magufuli aliwahimiza wananchi kuchukua tahadhari na kuvaa barakoa, hasa zinazotengenezwa nchini. Leo saa moja na nusu asubuhi nilisimama getini. Aliyeingia bila barakoa sikumwona. Koki ya ndoo imebadilishwa. Sabuni ipo. Hata kijana wa kipima joto amerudi.

Usiku mmoja. Ndani ya usiku huo hakuna aliyefundishwa lolote. Ruhusa ya kukitumia kile tunachokijua ndiyo iliyokuja, na watu walikuwa wanaisubiri kwa kiu. Nilifurahi kuona sabuni, na nikaumia kwa ajili ya wale ambao hawakuifikia Jumatatu hii.

Mama wa usafi anaendelea vizuri. Ametuma salamu na ameulizia glavu.

12 Agosti 2021, Alhamisi

Rais mpya, Samia, alichanjwa Ikulu tarehe 28 Julai hadharani, na sasa chanjo ya Janssen imetufikia. Dozi 1,058,400 kwa nchi nzima, sindano moja kwa mtu. Wa kwanza tunaotakiwa ni sisi wa afya, wenye umri wa zaidi ya miaka 50, na wenye maradhi ya kudumu.

Mimi nimechanjwa jana. Mkono unauma, usiku nilipata homa, leo niko kazini. Kati ya wenzangu wapo waliokuja nami, na wapo waliotafuta shughuli nyuma ya jengo hadi gari la chanjo lilipoondoka.

Mtu wa nje angesema hao ni wajinga. Si wajinga. Leo mchana, tukila, niliwaomba kila mmoja aniambie linalomzuia, bila kubishana naye. Nesi mdogo, yule aliyefukuzwa nyumba, anaolewa Desemba na ameambiwa hatashika mimba. Anajua hakuna ushahidi. Anajua pia kwamba mama mkwe akikosa mjukuu hatauliza ushahidi. Kaka wa meno amesoma kwamba Marekani walisimamisha chanjo hii mwezi Aprili kwa sababu ya damu kuganda. Ni kweli walisimamisha. Nikampa na nusu ya pili ya habari: walikuwa wanawake sita kati ya dozi karibu milioni 6.8, walisimamisha siku zisizofika kumi na tano ili wachunguze na kuwaeleza madaktari dalili za kuangalia, kisha wakaendelea. Alisema, "Kumbe waliendelea?" Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Aliyenigusa zaidi ni mzee wetu wa sindano, aliyewachanja watoto wa wilaya nzima surua, pepopunda, kupooza. Yeye hakatai chanjo. Alisema: "Mwezi wa Januari tuliambiwa tusizikimbilie. Mwezi wa Agosti tunaambiwa tukimbie. Mimi ndiye nitakayesimama mbele ya wananchi na sindano mkononi. Wakiniuliza nilikuwa wapi Januari, nijibu nini?"

Nilimwambia awajibu kwamba Januari alikuwa wodini, anageuza wagonjwa kifudifudi, na ameona chanjo hii inazuia nini. Alitafuna polepole. Hakuahidi.

24 Agosti 2021, Jumanne

Amekuja binti wa chuo na dodoso, msichana mpole, anaandika utafiti wake wa kumalizia masomo. Amegawa karatasi kwa watumishi wote waliokuwepo zamu. Sehemu ya kwanza ni maarifa: kirusi kinaenezwa vipi, dalili ni zipi. Ya pili mtazamo: unakubali, unakubali sana, hukubaliani. Ya tatu mwenendo: unanawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa, kila mara, mara nyingi, mara chache, kamwe.

Nilipita nyuma ya meza nikaona watu wakiweka vema kwenye "kila mara". Maji yalikatika tangu jana usiku. Bomba la chumba cha kujifungulia lilikuwa linatoa hewa, na mapipa ya akiba yalikuwa chini.

Sitaki kusema walidanganya. Mtumishi akiulizwa kama ananawa mikono anajibu kuhusu nafsi yake, jinsi alivyo na anavyotaka kuwa. Karatasi haikuuliza kuhusu bomba.

Nilimkaribisha chai, nikamwambia, "Binti yangu, ongeza swali moja. Uliza: leo asubuhi maji yalikuwepo? Kisha uliza barakoa uliyovaa ni ya siku ngapi. Uliza nani amekosekana kwenye orodha ya wanaopewa." Akaniambia dodoso limeshapitishwa na msimamizi, haliwezi kubadilishwa. Nikamwambia basi abaki hadi jioni, akae kwenye benchi karibu na sinki, aangalie tu. Akabaki. Saa tisa maji yaliporudi, wa kwanza kukimbilia sinki na sabuni alikuwa yule nesi wa chumba cha kujifungulia, na nyuma yake foleni. Binti aliandika kitu pembeni ya karatasi yake, si kwenye visanduku.

Alipokuwa anaondoka aliniuliza kama amewahi kuhojiwa mtu yeyote wa usafi. Karatasi zake zilikuwa za "wataalamu wa afya". Nilimpeleka kufulia, akakaa na mama yule hadi saa ya magari ya mwisho.

30 Novemba 2021, Jumanne

Fedha za UVIKO, yaani korona, za mkopo uliowezesha mpango wa shilingi trilioni 1.3, zinaonekana kwa macho hata huku: madarasa yanapanda, mafundi kila kona. Tunaambiwa hospitali kubwa zitapata mitambo ya oksijeni. Mzee wa sindano amechanjwa mwezi huu. Sikumuuliza kilichomwamulia.

22 Machi 2023, Jumatano

Jana jioni Waziri Ummy Mwalimu ametangaza. Ugonjwa wa ajabu ulioua watu Bukoba Vijijini umethibitishwa na maabara ya taifa: ni Marburg. Wagonjwa wanane, watano wamekufa, na mmoja wa waliokufa ni mtumishi wa afya. Watu 161 waliokaa karibu nao wanafuatiliwa.

Sisi hatuko wilaya hiyo, ila si mbali. Nimekumbuka nilivyosoma kuwa mwaka 1967 ugonjwa huu ulitambuliwa Ujerumani, maabara zilizokuwa zimepokea nyani kutoka Uganda, na waliougua kwanza walikuwa wafanyakazi wa maabara, kisha waliowauguza. Huenezwa kwa damu, matapishi, jasho, maiti. Hauna chanjo. Dalili huweza kuchelewa hadi siku 21.

Kikao cha asubuhi kilikuwa tofauti na kile cha 2020, na nimejiuliza tofauti yake ni nini, kwa sababu hofu ni kubwa zaidi sasa. Ugonjwa umetajwa jina. Wilaya imetajwa, waliokufa wamehesabiwa, na mwenzetu aliyekufa hakufichwa. Mzee wa sindano alisimama akaomba tumkumbuke kwa dakika moja. Kisha hakuna aliyengoja kuambiwa la kufanya. Chumba cha pembeni kilifunguliwa na kusafishwa kabla ya saa nne. Kamba ilifungwa kutenganisha njia ya wenye homa. Kijana wa maabara aliandika ukutani namba ya simu ya kutoa taarifa, kwa maandishi makubwa.

Mchana tulirudia mazoezi ya kuvua. Kuvaa si kazi. Hatari iko kwenye kuvua, mtu amechoka, amelowa jasho, anataka uso wake. Glavu za nje, gauni, nawa, miwani, nawa, barakoa mwishoni kabisa, nawa tena. Mmoja anavua, mwenzake amesimama mbele yake anamsomea hatua kwa sauti na kumkataza anapoharakisha. Mama wa usafi ndiye aliyesoma kwa utulivu kuliko wote. Alimsimamisha daktari mara mbili: "Dokta, samahani baba, bado mikono." Daktari akanawa.

3 Juni 2023, Jumamosi

Jana mlipuko umetangazwa kwisha, siku 42 tangu mgonjwa wa mwisho apone bila mwingine kupatikana. Jumla walikuwa tisa, sita wamefariki.

Wilayani wameniomba niandike mapendekezo ya mafunzo kwa watumishi kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai. Fomu ina nafasi ya mada, idadi ya washiriki na posho. Nimejaza mada moja tu, kuvua mavazi ya kinga, na mwezeshaji nimemwandika mama wa usafi. Kama watauliza cheti chake nitakwenda mwenyewe kumwombea. Nafasi iliyobaki nimeitumia kwa mambo ambayo fomu haikuyauliza: tangi la maji la lita 5,000 lenye bomba hadi chumba cha kujifungulia na kufulia, glavu nzito za mpira jozi 40 kwa mwaka, zije kila robo bila kusubiri ombi, konsentreta ya pili ya oksijeni na jenereta la kuiendesha umeme ukikatika, na orodha ya vifaa vya kinga ianze na wanaogusa mashuka na taka, kisha sisi.

Jumatatu naipeleka kwa mkono, nisubiri igongwe muhuri wa kupokelewa.